Nyumba Yako, Deni kwa Jina la Mwingine

SOMO LA WIKI: UWAKILI WA MALI

Maandiko ya kusoma: Yeremia 32:6–15, Mwanzo 23, Yoshua 9, Mithali 22:26–27, Wakolosai 2:13–14

Wazo kuu: Nyumba iliyowekwa rehani hununuliwa benki ikijua. Ikinunuliwa kwa siri, kinachobadilika ni mtu anayelipa, mwenye nyumba ni yule yule.



Ukikaa Kangemi, Uthiru, Kinoo au kule Satellite, na kila tarehe tano unalipa kodi, kuna neno ukiambiwa moyo unaruka: "Njoo ununue hii nyumba. Mambo ya benki niachie mimi." Muuzaji ana mkopo wa nyumba ambao hajamaliza. Pengine amepoteza kazi, au anahamia ng'ambo, au mambo yamembana tu. Anataka umpe pesa kiasi mkononi, uingie ndani, halafu uendelee kulipa ule mkopo kila mwezi. Mkopo unabaki kwa jina lake. Hati inabaki benki. Siku deni likiisha, ndipo atakuandikia nyumba iwe yako.

Kwa mtu wa biashara ndogo hili neno ni tamu. Mwenye duka pale Luthuli Avenue hana karatasi ya mshahara. Anauza vizuri, analipa kodi bila kuchelewa, lakini benki ikimwangalia inaona hatari. Kenya nzima mikopo ya nyumba iliyo kwenye mabenki ni kama 30,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Wengi wetu tuko nje ya huo mlango. Mtu akija kusema "pitia mlango wangu", tunapiga makofi na kusema Mungu amefungua njia.

Huenda ni Mungu. Lakini Mungu akifungua njia, haogopi njia hiyo ikiangaliwa mchana. Leo hatuhubiri dhidi ya kununua nyumba. Tunataka ununue. Tunataka pia watoto wako walale ndani ya hiyo nyumba miaka 20 kutoka leo.

1. YEREMIA ALINUNUA KWA IMANI, NA ALIANDIKA

Soma Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Nabii mwenyewe amefungwa katika ukumbi wa walinzi. Hapo hapo binamu yake Hanameli anamjia na kumwambia anunue shamba lililoko Anathothi. Wakati mbaya, mahali pabaya, na bado Mungu anasema nunua.

Kama kuna mtu angeweza kusema "mimi nina neno la Bwana, karatasi za nini", ni Yeremia. Na Hanameli hakuwa mgeni, ni damu yake. Lakini angalia alivyofanya. Alipima fedha, shekeli 17, kwenye mizani. Aliandika hati. Aliitia muhuri. Aliita mashahidi nao wakatia sahihi. Palikuwa na nakala mbili, moja imefungwa kwa muhuri na moja iko wazi. Alimkabidhi Baruku mbele ya watu wote waliokuwa wamekaa ukumbini, akamwagiza aziweke ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi.

Mpendwa, imani ya Yeremia ndiyo iliyomfanya aandike. Aliamini kwamba siku moja nyumba na mashamba yatauzwa tena katika nchi ile, na alitaka siku hiyo ikifika pasiwe na ubishi. Anayesema "tuaminiane tu, sisi ni ndugu katika Bwana" anaomba kitu ambacho nabii hakumfanyia binamu yake.

Sheria ya Kenya nayo inasema hivyo hivyo. Huwezi kwenda kortini kudai ardhi au nyumba kwa mapatano ya mdomo. Lazima mkataba uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote, na sahihi hizo zimeshuhudiwa. Jumbe za simu na picha mkipeana mikono sebuleni si hati.

2. REHANI INASEMA NINI

Mtu akikopa benki ili anunue nyumba, benki huandikisha rehani juu ya ile hati. Sajili ya ardhi ina sehemu tatu: ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe, ya pili inamtaja mwenyewe, na ya tatu inaonyesha mizigo iliyo juu yake. Rehani inakaa hiyo sehemu ya tatu. Mtu akibadilika ndani ya nyumba, rehani haiondoki. Ukaingia na vitanda, ukabadilisha geti, ukapaka rangi, rehani bado iko pale pale.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema aliyeweka rehani haruhusiwi kuhamisha ile mali kabla ya kupata ruhusa ya benki kwa maandishi. Hata kama mkataba wao haukutaja, sheria inalihesabu kuwa limo. Na msajili wa ardhi hataandikisha uhamisho kama ruhusa hiyo haijaletwa. Kwa hiyo muuzaji anaposema "tusiiambie benki", anakuomba uanze umiliki wako kwa kuvunja ahadi ya mtu mwingine.

Lakini sikia na upande wa pili, maana wengi hawaambiwi. Sheria hiyo hiyo inasema benki isinyime ruhusa bila sababu ya maana. Mlango wa kubisha upo. Basi kwa nini mtu anakwepa?

Sababu nyingine ni za kuelewa tu. Kuna ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, na huo ni wa mnunuzi. Kuna kodi ya faida ya mtaji upande wa muuzaji, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2023 ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Kuna mawakili wa kulipwa. Kuna kusubiri. Watu wawili wanaangaliana, wanasema tuokoe hizi pesa. Hapo ndipo hesabu inaanza kupotea.

3. TUFANYE HESABU

Huu ni mfano, si kisa cha mtu wa kanisa. Fleti iko karibu na Naivasha Road. Deni la benki lililobaki ni shilingi milioni 3.2, riba asilimia 14 kwa mwaka, na imebaki miaka 10. Malipo ni kama shilingi 50,000 kwa mwezi. Mume na mke wanampa muuzaji milioni 1.5 mkononi, wanaingia, na kila mwezi wanamtumia 50,000 kwa simu ili apeleke benki.

Miaka minne inapita. Wametuma milioni 2.4. Ukiongeza ile ya kwanza, wametoa milioni 3.9. Sasa uliza, deni limebaki ngapi? Kama kila shilingi ilifika benki, deni bado ni kama milioni 2.4. Miaka ya kwanza sehemu kubwa ya malipo huliwa na riba. Wao wanafikiri wamevuka nusu ya mto, kumbe maji bado yako kifuani.

Tena riba haisimami. Mwanzoni mwa 2022 kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Riba ikipanda, benki humwandikia mkopaji kwamba malipo yameongezeka. Mkopaji ni nani? Ni yule muuzaji. Barua inakwenda kwake. Wale wa ndani ya nyumba wanaendelea kutuma 50,000 na kumbe pengo linakua.

Sasa tuseme muuzaji amebanwa. Mtoto wake amefukuzwa shule kwa karo. Anachukua pesa ya mwezi mmoja, akisema atarudisha. Halafu wa pili. Si lazima awe mwizi, anaweza kuwa mtu mzuri aliyezidiwa. Benki inaanza hatua zake. Kwanza notisi ya miezi mitatu ya kumtaka alipe. Halafu notisi ya kuuza, siku 40. Halafu dalali anatoa siku 45 za kukomboa. Notisi ya kuuza inatakiwa kubandikwa pale kwenye mali au karibu nayo, na mara nyingi hiyo karatasi ya getini ndiyo habari ya kwanza kwa mama aliyemo ndani.

Nyumba ikiuzwa mnadani, benki inachukua deni lake na gharama. Kukibaki chochote, kinarudishiwa yule aliyeandikwa kwenye rehani. Umeona hapo? Hata salio linakwenda kwa muuzaji. Na nyundo ikishapigwa, sheria inamlinda aliyenunua mnadani. Aliyeonewa hubaki kudai fidia kortini. Wale wawili watabaki kumdai muuzaji milioni 3.9, mtu ambaye kama angekuwa na pesa, nyumba isingefika mnadani.

Mithali 22:26–27 inaonya juu ya kuingia dhamana ya deni, kwamba usipokuwa na cha kulipa, kitanda kitaondolewa chini yako. Wengi tunaisoma kwa mafumbo. Kwenye mnada wa nyumba si mafumbo, ni kitanda chenyewe.

4. NA MAUTI JE?

Yakobo anatukumbusha kwamba hatujui ya kesho. Mapatano ya miaka kumi lazima yajibu swali la mauti, na haya ya siri hayana jibu zuri.

Benki nyingi humtaka mkopaji awe na bima ya maisha, ili akifa mkopo ulipwe. Bima hiyo inasimama juu ya maisha ya nani? Ya muuzaji. Sasa baba anayelipa akifariki, bima hailipi kitu. Mjane anabaki na malipo ya kila mwezi, bila hati na bila jina. Soma 2 Wafalme 4. Yule mjane alikuwa mke wa mtumishi wa Mungu, mumewe alimcha Bwana, na bado mdai alikuja kuchukua watoto. Uchaji wa baba haukufuta deni.

Na muuzaji akifariki? Bima inaweza kulipa deni lote, hati ikatoka benki ikiwa safi, na ikaingia kwenye mirathi ya familia yake. Watoto wake hawakujui. Wanaona jina la baba yao kwenye hati, na wanamwona mtu amekaa kwenye nyumba ya baba yao. Sasa wewe ndiwe wa kuthibitisha kortini kwamba si mpangaji. Kama huna mkataba ulioshuhudiwa, utathibitisha na nini?

Tusisahau pia mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mali ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya mke na mume. Muuzaji akija peke yake na kusema "mke wangu hana neno", mwambie aje naye, aketi, atie sahihi.

5. NENO KWA MUUZAJI

Huenda wewe unayesoma ndiye muuzaji. Umechoka, unataka kupumua. Usidhani mapatano haya yanakutoa kwenye shimo. Deni ni lako mpaka benki iseme si lako. Mnunuzi akichelewa miezi mitatu, jina linalopelekwa kwenye kumbukumbu za wadaiwa ni lako. Ukitaka mkopo wa chama cha akiba au wa biashara, utaonekana mtu asiyelipa. Umekuwa mdhamini wa mtu bila kujua, na nyumba hukai wewe.

Tena kuna ukweli. Unapomtumia mnunuzi ujumbe kwamba benki imelipwa na haijalipwa, huo ni uongo, hata kama una mpango wa kurekebisha mwezi ujao. Bwana alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo.

Msaada wa kweli ni kwenda benki mapema, kabla hujaanza kuchelewa, useme hali ilivyo. Omba kupangiwa malipo upya, au omba ruhusa ya kuuza mwenyewe. Nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa utulivu huwa na nafasi ya kupata bei nzuri kuliko ya mnadani.

6. NJIA ILIYO WAZI

Katika Mwanzo 23, Efroni Mhiti alimwambia Ibrahimu achukue pango na shamba la Makpela bure. Ibrahimu amefiwa, ana maiti ya mkewe mbele yake, angekubali haraka. Alikataa. Alilipa shekeli 400, bei kamili, langoni mwa mji, mbele ya wana wa Hethi wote. Hakutaka uchungu wa siku ile uharakishe jambo la vizazi. Shamba likathibitika kuwa lake, na Isaka na Yakobo wakazikwa humo.

Lango letu la mji ni sajili ya ardhi na benki yenyewe. Njia ni hii:

Kwanza, fanya sachi mwenyewe au kupitia wakili wako. Mali za Nairobi ziko kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021. Ukinunua Kinoo au Kikuyu, hiyo ni Kaunti ya Kiambu, sajili yake ni nyingine. Na kama ardhi bado inahesabiwa ya kilimo, kunahitajika kibali cha bodi ya ardhi. Usikubali nakala ya sachi iliyoletwa na broka. Wazee wa Israeli katika Yoshua 9 waliangalia mkate mkavu na viatu vilivyochakaa vya Wagibeoni, wakaamini, wala hawakumuuliza Bwana. Kuuliza si kukosa imani.

Pili, uwe na wakili wako. Usitumie wa muuzaji eti kuokoa pesa. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha mtandaoni, unaweza kuangalia kama mtu ana leseni ya mwaka huu.

Tatu, muuzaji aombe benki barua inayoonyesha deni lililobaki mpaka tarehe fulani. Hapo utajua ukweli, kama kuna malimbikizo au hakuna.

Nne, pesa zipite njia iliyonyooka. Kawaida asilimia 10 hutolewa mwanzo na kushikwa na wakili. Zile za kumaliza deni ziende benki moja kwa moja, chini ya ahadi ya maandishi kati ya mawakili na benki kwamba zikipokelewa, benki itatoa hati na karatasi ya kuondoa rehani. Kinachobaki ndicho cha muuzaji. Kuondolewa kwa rehani na uhamisho wa jina viandikishwe pamoja.

Tano, kama huna pesa zote, sema hivyo wazi. Benki yako au chama chako cha akiba na mikopo kinaweza kulipa ile benki ya muuzaji na kuandikisha rehani mpya kwa jina lako. Au benki ile ile inaweza kukubali uchukue mkopo, ikishakupima upya. Ukipimwa ukaonekana huwezi, usikasirike. Huenda hiyo ndiyo sauti iliyokuokoa. Anza kuweka rekodi: pitisha mauzo yote kwenye akaunti, wasilisha kodi zako KRA, weka akiba kila mwezi. Bwana alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama.

7. KAMA TAYARI UKO NDANI

Kuna mtu anasoma hapa na tumbo linaunguruma, kwa sababu amelipa miaka mitatu hivi hivi. Usiogope, na usiache kulipa. Ukiacha leo, unaharakisha mnada.

Tafuta wakili wako wiki hii, kabla hujaenda benki, maana kwenda bila mpango kunaweza kuifanya benki idai deni lote. Anza kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo badala ya kumtumia mtu, na utunze kila risiti. Mwombe muuzaji taarifa ya mkopo inayotoka benki. Akikwepa mara ya kwanza na ya pili, hiyo nayo ni taarifa. Kama hamna mkataba, andikeni sasa, wake na waume wote wakitia sahihi, mkitaja kilicholipwa na nini kitatendeka mmoja akifa. Muulize wakili kuhusu kuandikisha kizuizi kwenye sajili. Mtu mwenye dai la kimkataba juu ya ardhi anaruhusiwa kuomba. Hakiishindi rehani ya benki, lakini kinamzuia muuzaji asiiuze tena kwa mwingine nyuma yako. Kisha tafuteni pamoja jinsi ya kwenda mbele ya benki na kuhamisha mkopo kihalali.

Na mwambie mkeo, mwambie mumeo. Isiwe siri ndani ya siri.

8. HATI ILIYOFUTWA

Mwisho, tuinue macho. Katika Wakolosai 2, Paulo anasema kulikuwa na hati iliyoandikwa dhidi yetu, na Kristo akaifuta na kuiondoa, akaigongomea msalabani. Angalia sana. Yesu hakuingia mapatano ya siri na shetani, wala hakuacha deni letu likae kimya kwa jina letu huku akilipa kidogo kidogo. Alilipa kwa yule anayepaswa kulipwa, hadharani, nje ya mji, mchana, mbele ya mashahidi. Na hati ikaondolewa. Ndiyo maana mshtaki hana cha kushika.

Mtu aliyekombolewa namna hiyo asinunue wala kuuza kwa giza. Anayelipa deni la mwingine na alilipe hadi hati iondolewe. Anayeuza na auze akiwa amesema kila kitu. Ukiwa unangoja, na kodi bado ni ile ya kila tarehe tano, kungoja huko si laana. Yeremia aliagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo, shamba likiwa mikononi mwa adui, na alijua ni lake kwa sababu lilikuwa limeandikwa.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Yeremia alikuwa na neno la Mungu na muuzaji alikuwa ndugu yake. Kwa nini bado aliita mashahidi? Sisi tunapokopeshana au kuuziana ndani ya kanisa, tunafanya nini?

2. Someni Mwanzo 23. Ni hatari gani ingempata Isaka kama Ibrahimu angekubali shamba la bure?

3. Katika nyumba yako, ni deni au malipo gani ambayo mwenzi wako hayajui? Usijibu mbele ya kikundi. Lijibu nyumbani.

4. Kikundi kinaweza kumsaidiaje mshirika ambaye ameshaingia mapatano ya aina hii, bila kumwaibisha?

OMBI

Baba, wewe ndiwe unayejenga nyumba. Tupe subira ya kungoja na ujasiri wa kuuliza. Wanaolala na hofu ya karatasi getini, wape mshauri mwema na mlango ulio wazi. Wanaouza, wape kinywa cha kweli. Wajane na yatima walioachiwa madeni wasiyoyajua, utufanye sisi tuwe vyombo vya mafuta yao. Katika jina la Yesu. Amina.